Mama Tope arudisha gesi jikoni kwa mama mkwe

Saa mbili asubuhi, nyuma ya mtambo wa kusafisha majitaka, mwanamke aliyevaa buti za mpira anamwagilia chuma maji. Ni nyuzi zilizojisokota kama nywele, mabaki ya karakana ya kukereza vyuma, zimetandazwa juu ya turubai. Anazigeuza kwa reki, anachukua konzi moja, anaifikicha. Glavu inabaki nyekundu.

"Sasa imeiva," anasema. "Zamani ungeniletea kutu kama hii nyumbani, ningekufukuza nayo."

Jirani zake wanamwita Mama Tope, naye hakasiriki. Kazi yake ni kulisha tope tangi kubwa lililofunikwa, ambamo vijidudu visivyohitaji hewa huliozesha na kutoa gesi inayowaka. Kwa muda mrefu gesi hiyo iliteketezwa bure. Mwaka huu uongozi wa mtambo uliamua kuijaribu kwenye nyumba za wafanyakazi, ng'ambo ya uzio.

Nyumba ya kwanza ni yake. Ikipikia gesi hiyo mwezi mzima, bomba litaendelea hadi nyumba zote. Ikishindikana, litafukuliwa.

Kwake si suala la sifa. Mkaa unameza karibu robo ya mshahara wake. Mama mkwe wake, ambaye ndiye mwenye jiko, ana kifua kibovu, na moshi haumwonei huruma. Lakini mwenye jiko huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Umri huu wote, leo nije nipikie choo?" anauliza bibi huyo. "Nilijua mwanangu ameoa mke. Sikujua ameoa na tangi."

Alikubali shingo upande, na siku ya kwanza ikamthibitishia hofu yake.

Kabla ya kufika jikoni, gesi hupita kwenye pipa lililojazwa nyuzi za chuma. Mhandisi wa mtambo anaeleza kwamba kinachonasa ile harufu ya mayai viza ni kutu, si chuma chenyewe. Chuma kinachong'aa huiacha ipite.

Mama Tope, aliyepewa kazi ya kulijaza pipa, ni mtu asiyevumilia uchafu. Alizisugua nyuzi kwa sabuni kuondoa mafuta ya karakana, na hapo alikuwa sahihi. Kisha akazianika juani na kuzifunika nailoni, zisishike kutu hata kidogo.

"Niliona aibu kumpelekea mama mkwe gesi iliyopita kwenye kutu," anasema.

Jiko lilipowashwa, nyumba nzima ilinuka. Alifunga vali papo hapo, maana hewa hiyo hainuki tu, inadhuru. Bibi alikwisha kutoka na birika lake kwenda kuomba moto kwa jirani, na kabla chai haijachemka safu nzima ya nyumba ilikuwa na habari.

"Dada, ulizing'arisha kama unazipeleka harusini," anamtania fundi bomba, wakishindilia nyuzi zenye kutu ndani ya pipa lile lile. Mama Tope anacheka, lakini macho hayatoki kwenye kazi. Uongozi umempa nafasi moja tu ya kurudia, na ni leo.

Gesi inafunguliwa. Fundi bomba anashika kwenye mdomo wa bomba kikaratasi ambacho hugeuka cheusi kikikutana na ile hewa mbaya. Wanasubiri. Kinabaki cheupe.

Jikoni, moto unawaka buluu. Bibi anainama, ananusa huku na huku kama anayekagua samaki sokoni.

"Chai ikiiva, nani anaanza kunywa?"

"Mimi, Mama."

"Wewe umeshazoea. Aanze mumeo, ndiye aliyekuleta."

"Mama, si mimi ndiye mtoto wako wa pekee?" mume analalamika kutoka mlangoni.

"Ndiyo maana nakuamini. Kunywa."

Anakunywa. Mama yake anamtazama mpaka kikombe kinaisha, kisha anajimiminia cha kwake. Anainuka, anateremsha birika, na mahali pake anabandika sufuria ya maharage makavu, ambayo hayataiva kabla ya mchana.

"Mnatazama nini?" anauliza. "Nileteeni chumvi."

Mama Tope anatoka nje kabla ya kutabasamu. Anajua mwezi ndiyo kwanza unaanza, na kutu nayo huchoka, kwa hiyo turubai la pili la nyuzi atalitandaza leo leo, liwe tayari kabla la kwanza halijaisha nguvu.

"Nataka mvua zikianza, mama asipulize mkaa tena," anasema. "Na yule jirani aliyempa moto siku ile, nyumba yake ndiyo inayofuata kwenye bomba. Nimeshamwambia mhandisi."