Picha za Ndani

Nikiwasikia wapiga picha wa leo wakibishana, huyu akisifu filamu na yule akisifu dijitali, moyoni naungua. Wao wanashindania uzuri wa picha. Kwetu Kisauni, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, ubishi kama huo ulivunja nyumba ya mtu.

Mama yangu alikuwa mpiga picha wa wanawake. Siku ya kupamba, bi harusi anapokalishwa kitini aonyeshwe kwa wanawake wenzake, mwanamume haruhusiwi hata kupita uani, na mabuibui yote huvuliwa. Vichwa wazi, mikono wazi, asmini kwenye nywele. Aliyeitwa na kamera ni mama, kwa sababu filamu yake ilikuwa ya nyeusi na nyeupe na aliisafisha mwenyewe, katika stoo ya jikoni aliyoiziba dirisha kwa blanketi. Mimi nilikuwa nimeolewa nikaachwa, nikarudi kwake, na kazi yangu ilikuwa kuzitoa picha majini na kuzianika kwenye kamba. Hakuna mwanamume aliyezitia machoni. Wanawake waliziita picha za ndani, na chakula chetu na heshima yetu vilitegemea hilo tu, kwamba mbele ya kamera ya mama mwanamke alikuwa salama.

Kisha zikaja picha za rangi. Mjini kulifunguliwa maduka yenye mashine, na wanawake wakaanza kuzikebehi picha zetu. Mmoja alimwambia mama, "Bi harusi wako katoka kama maiti," na wenzake wakacheka mpaka wakapigana mikono. Rangi haikuweza kusafishwa stoo. Ilitaka mashine, na mashine zilishikwa na wanaume. Mama aliwaeleza hivyo, wakamwona mkaidi, na kazi zikaanza kupungua. Walinichemsha damu, wallahi. Walitaka hina ionekane nyekundu, na walitaka isionekane na mtu.

Ndipo akaja rafiki yake mama, aliyesoma naye chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tangu utotoni. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Alikaa kwenye mkeka wetu, akasema bila kuzunguka.

"Shoga, mwanangu nataka umpige za rangi. Hina ile nimempaka kwa mkono wangu. Wataka itoke nyeusi kama masizi?"

"Za rangi sisafishi miye," mama akajibu. "Wasafisha wanaume, mjini."

"Yasafisha mashine. Mtu atazama mashine yake, hana haja na mwanangu."

Mama akanitazama. Nikamwambia, "Mama, usikubali."

Yule bibi akanikata jicho. "Wewe nyamaza. Ya harusi wayajua nini, na yako yalikushinda?"

Maneno yale yalinichoma na yananichoma bado. Mama akakubali. Alikuwa rafiki yake, na sufuria zetu zilikuwa zimeanza kukaa bila kitu.

Hakuenda kichwa kichwa, lakini. Alichagua duka ambalo mwenyewe alikuwa mzee mcha Mungu. Filamu akaitia bahashani, na juu ya bahasha akaandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni na kama wanawake wa rika lake walivyoandikiana barua zao zote: Hii ni amana. Ni picha za wanawake. Mche Mungu, usizitazame. Kwake yeye hapo alikuwa ameshatia kufuli. Haikumpitia akilini kwamba yuko mtu mjini Mombasa asiyeweza kuyasoma maandishi yale.

Mzee siku ile hakuwapo. Aliyekuwa kwenye mashine ni kijana wa bara, na zile herufi kwake zilikuwa mapambo ya bahasha. Simlaumu. Aliona msichana mzuri, akaona picha iliyopigwa kwa ufundi, akafanya walivyozoea kufanya pale dukani: akaichapa moja kubwa, akaitundika dirishani, wapita njia waone rangi zao zinavyong'aa. Sisi tukachukua bahasha yetu, tukarudi Kisauni, tukasifiwa.

Bwana harusi alikuwa akifanya kazi Changamwe. Siku moja wenzake kazini, waliomjua mkewe kwa sura, wakampongeza. "Mkeo mzuri, bwana. Kila tukipita mjini twamuona." Alidhani ni mzaha, akaenda kutazama. Akamkuta mkewe dirishani, kichwa wazi, shingo wazi, barabara nzima ikimpitia. Alirudi nyumbani akampa talaka kabla hajavua viatu. Msichana hakujua hata amekosa nini.

Mama na mimi tulikwenda kuitoa ile picha. Yule kijana aliishusha kwa adabu zote, akamuuliza mama, "Kwani haikutoka vizuri?" Mama akaipokea. Aliichana vipande vidogo vidogo, akavitia mkobani, akalia njiani watu wakimtazama. Mimi nilitaka kumshika mtu nimpige, sikumpata wa kumpiga.

Kisha tukaenda kumtaka radhi rafiki yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani walikuwa wenyewe wawili, binti amelaza kichwa mapajani mwa mamake, akisukwa. Mama akapiga hodi, akaitikiwa, tukaingia, yeye mikono mitupu, bila kamera. Nilingoja matusi, na majibu nilikuwa nayo tayari mdomoni, kwani za rangi alizitaka nani? Yule bibi hakututukana. Alimtazama mama, akaacha kusuka. Akavuta leso yake, akamfunika binti yake kichwa na uso. Kisha akajifunika na yeye, akageukia ukutani, kama kwamba aliyeingia ni mwanamume.