Mashine Iliyoniita Mtunza Bustani

Nilikuwa sokoni Darajani nikichagua samaki, simu ikaniletea habari ya kifo cha mwanamke aliyefundisha kompyuta hapa Unguja kwa miaka mingi. Aliugua kidogo tu, akatangulia. Alasiri ya siku hiyo tukamzika. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kwa kazi, mimi nikiandika habari za kompyuta na yeye akinikosoa. Lakini iko siku moja niliyokaa naye chumba kimoja, na tangu kusikia habari hiyo sijaweza kufikiria nyengine.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha njia ambazo kompyuta hutumia kutambua nyuso. Siku hiyo alikuwa na mbili. Ya kizamani huuchukua uso mzima kama mchanganyiko wa mwanga na kivuli, ikautafutia uliofanana nao. Taa ikibadilika, hupotea. Ya kisasa hufunzwa kwa nyuso nyingi mno, hadi ikajua kipi hakibadiliki mtu akinuna au akicheka. Hoteli moja ya kaskazini ilimwomba azijaribu kabla haijanunua, nami nikaalikwa kwenda kuona.

Tulipofika tulikuta mazito. Mkoba wa mgeni ulikuwa umeibiwa, na kamera ilimnasa mwanamke mwenye ushungi akitoka nao chumbani. Meneja alishaitia picha hiyo kwenye ile njia ya kisasa, iliyokwisha kuwekwa hotelini kwa majaribio pamoja na picha za wafanyakazi wote, na ikatoa jina la mhudumu mmoja wa vyumba. Mama huyo alikuwa amekalishwa karibu na mlango, mikono kaifumbata mapajani, askari kasimama nyuma yake.

"Wallahi si mimi," alikuwa akirudia. "Mimi nlikuwa nafua mashuka. Waulizeni wenzangu."

"Na ile ya zamani inasemaje?" mwalimu aliuliza.

"Inasema hakuna anayefanana naye. Haifai kitu ile," meneja alijibu. "Hii imejibu. Wewe thibitisha tu, askari aondoke naye."

Meneja yule ndiye aliyekuwa na uamuzi wa kumpa mwalimu kazi au kumnyima, na sote tulilijua hilo. Mwalimu akanigeukia mimi. "Njoo usimame hapa, mbele ya kamera."

Nikasimama. Akaiuliza kompyuta mimi ni nani miongoni mwa wafanyakazi wa hoteli. Njia ya kizamani haikupata mtu. Ya kisasa ikanitaja papo hapo: mtunza bustani.

Askari alitaka kucheka, akajizuia. Meneja hakucheka. "Imekosea mara moja tu."

"Imejibu ilichoulizwa, bwana. Mmeiuliza nani anakaribiana naye, ikamtafuta wa karibu. Hamkuipa ruhusa ya kusema mtu huyu hayumo. Na aliyechukua mkoba huenda hata si mfanyakazi wenu."

"Kwa hiyo unamtetea?"

"Simtetei."

Askari akamsogelea mwalimu. "Bibi, nnakuuliza mara ya mwisho. Ni yeye au si yeye?"

"Sijui," mwalimu alisema. "Na mashine hii pia haijui."

Ndipo askari alipokwenda kuwauliza wafuaji, jambo ambalo lingepaswa kufanywa mwanzo. Wote walisema mama yule hakuondoka kwao. Akaachiwa. Alipopita mlangoni alilia kwa kwikwi, bila ya kumtazama yeyote. Mkoba haukuonekana tena, na mwizi hakujulikana. Hoteli ikamwita mtaalamu mwengine.

Nilimuuliza mwalimu baadaye kama basi njia ya kizamani ndiyo bora. Alikataa. Ya kisasa inaishinda kwa mbali, alisema, mradi ifunzwe kunyamaza pale isipokuwa na hakika. Tangu hapo, kila alipolinganisha njia, alipima pia ni mara ngapi kila moja humtaja mtu asiyehusika.

Leo nyuso zetu zinafungua simu na milango, nasi tunastaajabia wepesi wa majibu. Lakini ugonjwa huu haukuanza na kompyuta. Maofisini na barazani pia tunamheshimu anayejibu haraka, na anayesema hajui tunamwona mjinga. Mungu amrehemu mwalimu yule. Alinifunza kwamba elimu ya mtu hupimwa pia kwa jibu analokataa kulitoa, hasa pale atakayeumizwa na jibu hilo anapokuwa amekaa mbele yake, akisubiri.