Mzee Aliyepogoa Chai Yetu

Mzee aliyekuwa akipogoa chai yetu amefariki. Nilipigiwa simu Jumanne nikiwa kazini, na tangu hapo, wasomaji wangu, siwezi kukaa kitako dakika tano. Hata haya nayaandika nikiinuka na kuketi, nikiinuka na kuketi.

Wenye chai wanajua: kila baada ya miaka minne hivi mchai hukatwa hadi magotini ili uchipuke upya. Nilipokuwa mdogo, kwetu karibu na Kabianga, kazi hiyo ilikuwa yake. Akimaliza, sisi watoto tulikokota matawi tukajenga vibanda, naye akitucheka. Tulipomwuliza atarudi lini, alijibu, "Miaka minne," nami nikaangua kilio. Miaka minne! Si nitakuwa nimezeeka? Na kweli, kabla hajarudi niling'oka meno, nikaota mengine, nikapanda darasa baada ya darasa, na bado hakufika.

Mwaka jana, msimu wa baridi, alikuja langoni na panga lake limenolewa. Shamba sasa ni langu. Nikamwambia, "Ah, mzee, si ulikata juzi tu?" Akashangaa. "Juzi gani? Huyu msichana yako alikuwa anabebwa kwa mgongo. Saa hii si ako skuli? Angalia chai, imefika kifua." Mimi nilikuwa naangalia simu. Nikamwambia nitampigia wiki ijayo. Nikageuka hivi, naapa, mwaka umekwisha.

Matangani, mjane wake alinishika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema mzee alikataa kazi ya mashamba mawili msimu ule. "Alikuwa anasema wewe utapiga. Kila asubuhi ananiuliza kama simu iko na chaji."

Lo! Mara ngapi nimelalamika katika safu hii kwamba miaka siku hizi inakimbia? Upuuzi mtupu. Inakimbia kwetu sisi tunaosubiriwa. Anayesubiri, awe mtoto au mzee wa miaka themanini, siku yake haisongi, na mimi nilimfanyia hivyo mwaka wake wa mwisho. Naona aibu, wala sitaki mnifariji. Ukimwambia mtu utampigia, mpigie leo, hata kama ni kumwambia hapana. Angalau ataenda kupogoa kwa jirani.