Chanjo Haingoji Mbu

Nakumbuka siku mbuzi wetu wa Tseikuru walipoletwa nyumbani Kyuso, na kila nikiikumbuka nakasirika upya, mwanangu, kana kwamba baba yangu amesimama hapa na sindano yake mkononi.

Desturi yetu Wakamba unaijua. Mwenye akili haweki mbuzi wake wote boma moja. Nusu huwalaza kwa rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki wa mbegu. Nusu ya mbuzi wa baba walikuwa kwa rafiki yake Tseikuru. Mwaka ule mvua ilinyesha hadi mashamba ya ndengu yakawa madimbwi, mbu wakatujaa, na mbuzi wakaanza kutupa mimba, huku na kule vilevile. Sasa baba, badala ya kuacha kila kundi mahali pake, akawaita wote nyumbani! Alikuwa amepata chupa ya chanjo kwa mtu sokoni, akataka kuwachoma wote siku moja, kwa sindano moja.

Nilimwambia, "Baba, lakini hawa wengine si ni wagonjwa?"

"Wewe shika miguu ya mbuzi," akanijibu. Nikashika. Ningefanya nini?

Kesho yake akaja daktari wa mifugo, mama aliyezunguka vijijini kwa pikipiki. Alipoiona ile chupa aliketi juu ya jiwe, akajishika kichwa.

"Mzee, hii kitu ungechoma wakati wa jua, kabla ya mvua! Sasa ni ya nini?"

"Kwani si ni dawa?"

"Si dawa! Ni kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kiko hai, kimepunguzwa nguvu tu. Na hizi mbuzi zako ziko na kile cha mbu tayari."

Akatueleza, nami sijasahau. Kirusi hicho hubeba urithi wake katika vipande vitatu vilivyo mbalimbali. Aina mbili zikiingia ndani ya chembe moja ya mwili, vipande vinaweza kuchanganyika.

"Ni kama wanaume wawili wamelala chumba kimoja, nguo ziko chini," alisema. "Asubuhi mmoja anatoka na shati yake na suruali ya mwenzake. Sasa huyo utamjua?"

Yaani dhaifu na mkali wakikutana, anaweza kutoka wa tatu asiyejulikana, na mbu akamchukua akaenda naye. Hata kirusi cha Kyuso na cha Tseikuru, kama vilitofautiana, baba alikuwa amevitafutia chumba cha kukutania. Na ile sindano moja ilihamisha ugonjwa kutoka mbuzi hadi mbuzi bila kumngoja mbu.

Je, vilichanganyika? Sijui. Daktari mwenyewe alisema si kila mara, na hakuna aliyepima. Ninachojua ni kwamba makundi yote mawili yaliisha, na hatukubaki na hata jike la mbegu. Baba, ambaye alikuwa akiwavuta vitoto wafu kwa mikono mitupu, akashikwa na homa, kisha macho yakapofuka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila jioni alikaa mlangoni akisikiliza kengele za mbuzi wa jirani, nami niliona uchungu kumtazama.

Sasa wewe, na masomo yako yote, jana unanipigia simu kwamba mvua imejaza mabwawa, mbuzi wameanza kutupa mimba, umepata chupa ya chanjo, na umemwambia mjomba wako alete wale wa Tseikuru wachomwe pamoja na wa hapo! Mwanangu, nimechoka. Nimeisema hadithi hii hadi nyinyi mnaimaliza kabla yangu, na bado!

Haya, sikia. Wa Tseikuru wabaki Tseikuru. Weka hiyo chupa chini, umwite daktari wa mifugo leo. Mimba iliyotupwa usiiguse kwa mkono mtupu. Na chanjo ifanye jua likiwaka, mbu hawapo, mbuzi wazima, majirani wakikucheka kwamba unaogopa kivuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta ulitushinda kujenga.

Mungu akujalie mbuzi wengi, mwanangu, na akuachie macho ya kuwaona wakirudi.