Milimita Akataa Plasta

Wifi yangu hana adabu, na nasema hivyo kwa kujivuna. Ni mke wa kaka yangu, na juu ya hilo tunafanya kazi ofisi moja ya wasanifu majengo. Yeye anachora kwenye kompyuta, mimi niko kwenye mashine kubwa ya kuchapisha michoro. Ofisini wanamwita Milimita. Walimpa jina hilo wakimcheka, naye akalipokea kama haki yake. Nyumbani ni yule yule. Siku moja kaka yangu alipigilia rafu jikoni, akarudi nyuma kuitazama kwa raha zake. Mkewe akaiangalia mara moja tu, akasema, "Baba watoto, vikombe vyangu vitahamia kwa jirani." Rafu iling'olewa jioni ile ile, na kaka yangu, anayejifanya simba huko nje, akaipigilia upya huku mkewe amemshikia pima maji.

Kazi yenyewe iko hivi. Siku hizi unalijenga jengo zima ndani ya kompyuta, kuta, sakafu na paa, kisha programu inakutolea sura ya kila upande. Ukibandika lebo ya kimo, inajisomea namba yenyewe. Ukipandisha sakafu, na namba inapanda. Lakini namba ikikataa kukaa unavyotaka, ipo njia ya mkato: unafuta ile inayojisomea, unaandika yako kwa mkono. Kwetu tunaita kupiga plasta. Wote wanapiga. Bosi mwenyewe ni msanifu anayeijua kazi, simsingizii, lakini kwa plasta alikuwa bingwa.

Basi tukapata kazi ya wodi mpya ya wazazi, ya kuunganishwa na hospitali ya zamani kwa korido. Bosi akamwahidi wifi yangu kwamba safari hii jina lake litaandikwa kwenye kisanduku cha pembeni mwa mchoro, mahali pa mchoraji. Miaka nenda miaka rudi michoro yake ilikuwa inatoka na jina la Bosi peke yake. Alilitaka jina lile, jamani. Hata kaka yangu alishawatangazia wakwe.

Asubuhi ya siku ya kukabidhi, tukijua mkunga mkuu wa hospitali anakuja mchana kuchukua michoro aiwahishe kwenye kikao cha bodi, Milimita akaja kunisimamishia mashine.

"Wifi, usichapishe. Mchoro wa ubavuni haujumliki."

Nikaenda kuangalia. Kwenye jengo la zamani, lebo ya sakafu inasema sifuri. Lebo ya ukingo wa paa inasema mita tatu na sentimita ishirini. Lakini mstari wa kipimo uliosimama kati ya hizo mbili unasema mita tatu na sentimita thelathini na tano. Hata mimi ambaye hesabu ilinikimbiza shule niliona kuna mwizi hapo.

Bosi akainama kutazama. "Programu imechanganyikiwa. Andika tatu na ishirini kwenye huo mstari, tuchapishe."

"Bado sijajua mwongo ni nani."

"Milimita, funika kombe mwanaharamu apite."

"Atapita, bosi wangu. Sisi ndio tutabaki na kombe."

Nikajitia kukohoa. Bosi akaenda kupiga simu zake.

Kwanza wifi yangu aliishuku sifuri yenyewe. Alitutangazia ofisi nzima kwamba lebo moja inahesabu kutoka usawa wa bahari na nyingine kutoka sifuri ya mradi, ile tunayojiwekea wenyewe, na kwamba hilo analijua kama jina la mama yake. Akafungua mipangilio. Zote zinahesabu kutoka sifuri ya mradi! Watu wakamcheka, akanuna. Akafuta mstari wa kipimo, akauchora upya. Tatu na thelathini na tano vile vile. Kisha akafanya jambo lililotaka kuniua kwa presha: akalishika jengo lote, la zamani na jipya, akalipandisha mita moja hewani.

"We! Umeharibu kazi!"

"Tulia, nalitikisa tu. Tazama lebo."

Lebo zote zilikuwa zimepanda mita moja. Zote isipokuwa moja. Lebo ya sakafu ya jengo la zamani ilikuwa imekaa pale pale, sifuri, haina habari kwamba jengo limepaa.

"Plasta hiyo," akasema.

Akalirudisha jengo chini, akaibandua ile sifuri ya mkono, akaiacha lebo ijisomee. Ikasoma kasoro sentimita kumi na tano, yaani chini ya sifuri. Mstari ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo. Mpima ardhi alipopima hospitali ya zamani, aliikuta sakafu yake iko chini. Mtu wa kwetu akaona ile kasoro, akadhani lebo mbovu, akaandika sifuri, na wodi mpya yote ikapangwa kwa sifuri hiyo. Ukitazama kwa nje, ukuta umefunika sakafu zote mbili, hivyo huoni kitu. Ila korido ingekuwa na ngazi ya sentimita kumi na tano katikati, na korido hiyo ndiyo ya kupitishia vitanda vya wanawake wenye uchungu. Nani alipiga ile plasta? Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijikuta ana kazi nyingi sana mezani kwake.

Bosi alipoonyeshwa alielewa papo hapo. Akatazama saa.

"Bodi inakaa leo, na wakikosa leo ni mpaka mwakani. Rudisha sifuri, wapitishe. Mafundi wakianza tutarekebisha."

"Kilichopitishwa ndicho kinachojengwa."

"Nimesema rudisha. La sivyo jina lako linatoka, na anamalizia mwingine."

Damu ilinichemka. Wifi yangu akalitazama jina lake pale kwenye kisanduku. Halafu akalifuta. Herufi moja moja, kwa kidole chake mwenyewe.

"Jina nimekusaidia kulitoa," akasema, akainuka. "Sifuri iandike mwenyewe."

Na Bosi akakaa, akaiandika. Mstari nao akaupiga plasta. Nilichapisha huku nimevimba.

Mkunga mkuu alikuwa mama mfupi, viatu vya raba, mtu asiye na muda. Akafunua karatasi moja moja juu ya meza.

"Aliyechora ni nani? Mbona hapa patupu?"

"Ni kazi ya ofisi kwa pamoja," Bosi akasema.

"Ni mimi, mama," wifi yangu akasema kutoka nyuma. "Jina nimelitoa kwa sababu humo mna namba mbili ambazo si zangu."

"Mama, hayo ni mambo ya kiufundi tu..."

Mkunga akamnyamazisha Bosi kwa mkono. "Mwanangu, namba zenu mimi sizijui. Niambie kitu kimoja. Mzazi akizidiwa, kitanda changu kitapita korido hii bila kunyanyuliwa?"

"Hakitapita."

Yule mama akakunja michoro, akampakatisha wifi yangu. "Bodi nitaiambia ingoje. Wakitaka kugomba, wagombe na mimi." Akaondoka zake.

Bosi akasubiri mlango ufungwe. "Umeniaibisha, Milimita. Kesho usije."

"Nakuja. Kuna sakafu ya kushusha."

Nyumbani kaka yangu hakula. "Mke wangu, na akiita walinzi?"

"Waje wengi. Watanibeba na kiti changu."

Asubuhi nilimkuta keshafika, ameinamia kompyuta. Nikawasha mashine, nikajiweka karibu naye, maana siku hiyo mtu angemgusa wifi yangu tungeonana wabaya. Bosi akaingia, akasimama nyuma yake. Kwenye kioo wodi mpya ilikuwa imeshushwa, na lebo zake zote zimeshuka nayo, zinajisomea. Akainama kuzisoma moja moja.

"Milango umeishusha pamoja na sakafu?"

"Bado."

"Ishushe." Akavuta kiti, akakaa kando yake. "Ukimaliza, unionyeshe na plasta zangu nyingine ziko wapi."

"Basi kaa vizuri, bosi wangu," wifi yangu akamjibu bila kugeuka. "Ni nyingi."