Kamera Iliyovuta Mbali Mno

Tangu wazazi wafariki, wadogo zangu wanakula kwa picha ninazopiga harusini. Kamera yangu ilipoharibika, niliuza mbuzi wetu wa mwisho, nikanunua dukani Butembo ile inayovuta mbali kuliko zote.

Mjinga mimi, nikaijaribu palepale mlangoni. Nikalenga nguo zilizoanikwa kilimani, nikasahau kwamba kule ni kambi ya waasi. Kwenye kioo akatokea mwanaume amejifunga kitenge cha mke wake, anafua sare.

"Lakini huyu ni komanda," muuzaji akanong'ona.

Nilicheka hadi machozi. "Kumbe iko na sare moja tu!"

Mwanajeshi wa waasi hao, aliyeingia kununua betri, alikuwa nyuma yangu.

"Petit, wewe kijana, leta hiyo kamera," akasema. "Twende wote, komanda naye acheke."