Kumtwisha Mama

Kijijini kwetu Iringa, mwanamke akishajaza ndoo kisimani humwambia aliye karibu, "Nitwishe." Mnainua pamoja mpaka ikae kichwani. Kesho ni zamu yako kumtwisha yeye.

Mimi nilikuwa mtu wa kutwishwa tu. Tangu usichana, mikono yangu iligoma kupanda kupita kifua. Waliniita mvivu, na kwa kuwa sina subira, niligombana nao wote. Aliyeniuma ni mama. Akishanitwisha, alipiga goti na kujitwika yake peke yake, maji yakimmwagikia mgongoni, wala hakulalamika. Nilitamani kitu kimoja: nimtwishe mama, hata mara moja.

Nilikuwa nimeshaolewa Ilomba, Mbeya, daktari aliponieleza kwamba nina ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Operesheni haitauponya, alisema, ila atalifunga bapa la bega kwenye mbavu kwa waya, lisichezecheze tena. Nilimwelewa upesi. Jembe lililolegea kwenye mpini halilimi, hata mkulima awe na nguvu vipi.

Nikakubali bega la kulia. Kwa miezi mitatu mkono ulifungwa kifuani, mume wangu akinivalisha gauni na kunifunga kilemba, vibaya mno. Ulipofunguliwa nikaanza mazoezi, nikilia kwa hasira, hadi siku moja vidole vikagusa sikio na kupita. Wiki hiyohiyo nikapanda basi kwenda Iringa.

Nilikuta bomba uani. Mama alikuwa ameshatuliwa ndoo kichwani, kama wasemavyo wanasiasa majukwaani, na shingo yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilinuna mchana kutwa, mpaka akanibana nikamwambia sababu.

Hakunicheka. Alikinga maji nusu ya ndoo ndogo, akasokota kanga kuwa ngata, akaiweka kichwani na kupiga goti.

"Haya mwanangu, nitwishe."

Tukainua. Mkono wangu ulipanda, ndoo ikakaa. Nilifurahi hadi nikapiga kigelegele. Mama akanyanyuka polepole, akaenda hatua nne kuelekea jikoni, akasimama.

"Nitue," alisema. "Nitue haraka, shingo."

Nilikimbia nikamtua. Mkono nilikuwa nimeupata. Mama wa kumtwisha ndiye aliyekuwa amezeeka.